Dada wa Veit

Asubuhi ile Gertraud alikamua ng'ombe kama kawaida, akaosha ndoo, akajifunga shali mabegani na kushuka mjini na kaka yake bila koti. Si kwamba hakuwa nalo. Lilikuwa limetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango wa zizi, na alilitupia jicho alipokuwa anatoka. Lakini Veit alikuwa amemwambia hakuna haja ya kubeba chochote: wangefika, karani angeuliza, yeye angejibu, na chakula cha mchana wangekula nyumbani. Mtu aliyeambiwa hivyo na kaka yake wa damu hafungi mzigo.

Wengine walioteremka njia ile walikuwa wamefunga mizigo yao barabara. Vijakazi, wachunga ng'ombe, wapasua kuni, vibarua wa mavuno na wake zao, wote walibeba kila kilichobebeka mgongoni, kwa sababu walijua hawarudi. Askofu Mkuu wa Kikatoliki, ambaye katika nchi yetu ya Salzburg ndiye mchungaji wa roho na ndiye mtawala wa matumbo, alikuwa ametoa amri mwezi huo wa Novemba kwamba kila aliyejitangaza kuwa Mlutheri aondoke. Wenye nyumba na mashamba walipewa muda hadi theluji iyeyuke, ili wauze mali zao kwanza. Wasio na kitu walipewa wiki moja. Wakubwa ndivyo wanavyopiga hesabu: asiye na kitu wanamwona hana cha kumchelewesha, hata baridi hawaihesabu.

Sasa Gertraud alikuwa nani, mwenye nyumba au asiye na kitu? Hapo ndipo maisha yake yalipokuwa yananing'inia.

Kwetu shamba halikatwi vipande. Baba akifa, mtoto mmoja hulichukua lote, na ndugu zake ama hukaa humo wakamfanyia kazi, ama huondoka wakajitafutie. Baba yao alipokuwa kitandani, pumzi zikimwishia, alimpa Veit shamba. Kisha akamshika Gertraud mkono akasema kwamba huyu ana chumba chake juu ya zizi na nafasi yake kwenye benchi la kando ya jiko, penye joto, mpaka atakapoolewa au atakapokufa, na mtu asimwondoe. Gertraud hakuolewa. Alikamua ng'ombe wa Veit, akatengeneza jibini ya Veit, akakesha na wana wa Veit walipougua surua, mpaka mvi zikaanza kumtoka. Neno la baba halikuandikwa popote, maana kwetu neno la mtu anayekata roho haliandikwi, ni kama kumtukana. Majirani waliolisikia walikuwa wamekwisha kuzikwa. Waliobaki hai ni wawili tu, yeye na kaka yake.

Kwa hiyo Veit angemwambia karani kwamba dada yake ana haki nyumbani, naye angebaki hadi majira ya kuchipua, waondoke wote pamoja na gari la maksai, mablanketi na nyama ya kukaushwa. Asiposema, Gertraud angeanza kupanda milima kwa miguu siku ileile, theluji ikiwa magotini. Lilikuwa jambo la sentensi moja.

Wala hakuwa na wasiwasi. Kama kulikuwa na mtu bondeni ambaye watu waliweza kumwekea dhamana neno lake, alikuwa Veit. Yeye ndiye aliyevificha vitabu vya Luther chini ya hori la farasi, na Jumapili, watu wakisharudi kutoka misa ya kujionyesha, aliwakusanya jikoni kwake akawasomea kwa sauti ya chini. Wakatoliki walimwita papa wa zizini. Watu wake walimwita Ndugu Veit, na waligombania kumpisha kwenye benchi.

Yeye ndiye aliyemtia Gertraud katika Ulutheri. Zamani Gertraud alikuwa na picha ndogo ya Mama Maria katika kibanda cha mlimani, kule alikotengenezea jibini miezi ya kiangazi, akiwa peke yake na ng'ombe na mawingu. Aliibandika nyuma ya mlango, na jioni alizungumza nayo mambo ya kawaida: ndama anayeharisha, mguu unaouma, upweke. Siku moja Veit alipanda hadi kule, akaibandua bila kuirarua, akamwambia aseme na Kristo mwenyewe, asitume mtu. Alisema kwa upole sana. Gertraud alilia wiki nzima kama mtu aliyefiwa, kisha akamtii, na polepole akaanza kuamini kweli, na mwisho akaamini kuliko watu wengi waliozaliwa humo.

Halafu ikaja ile salamu. Askofu Mkuu alitangaza kwamba watu wakikutana waambiane "Tumsifu Yesu Kristo", na anayejibu "Milele na milele, amina" apunguziwe siku zake za mateso ya toharani baada ya kufa. Salamu nzuri, nani angeikataa? Lakini Veit alisema wameligeuza jina la Bwana kuwa chambo, na kwamba Mlutheri hawezi kutamka kwa mdomo neno ambalo moyo wake umelikataa, liwe tamu namna gani. Basi Gertraud akaanza kupita mbele ya padre na mbele ya majirani zake akiwa amefunga mdomo. Ilimuuma. Alikuwa mtu wa salamu, mwenye kuuliza habari za mafua na za kuku, na sasa watu walimpa kisogo wakamwita bubu wa Veit. Alizoea. Alifika mahali akajivunia ububu wenyewe.

Kiangazi cha mwaka huo wanaume wa bondeni walikutana kwa siri, wakachovya vidole kwenye bakuli la chumvi, wakavilamba na kula kiapo kwamba hawataachana. Veit aliporudi aliwaapisha na wa nyumbani kwake, wake kwa waume, wakiwa wamezunguka meza ya chakula. Kisha maofisa wakapita wakiuliza kwa sauti za kirafiki nani Mlutheri na nani si Mlutheri. Gertraud alisita. Alimwuliza kaka yake kwani kuna ulazima gani wa kujitaja, si Walutheri wa bondeni wamekaa kimya tangu enzi za babu na bado wapo?

"Tukijificha watatumaliza mmoja mmoja," Veit alimwambia. "Tukijitaja wote, watafanya nini, dada yangu? Watafukuza bonde zima? Nani atawakamulia ng'ombe?"

Watu jikoni walicheka mpaka wakashika mbavu, na siku iliyofuata wakashuka kujitaja, mabonde yote, maelfu kwa maelfu. Huo ndio ujinga wetu sisi watu wa milimani. Tulidhani mtu hawezi kumfukuza anayemlisha. Tulikwenda wenyewe, kwa hiari yetu, na majina yetu yote na majina ya mashamba yetu, na baada ya hapo Askofu Mkuu hakuwa na haja ya kumtafuta mtu.

Jioni ya kabla ya kuitwa mjini walikula uji mzito wa unga na siagi, kutoka sufuria moja kama desturi, kila mtu na kijiko chake na upande wake. Veit alimwambia dada yake asijisumbue kufunga vitu.

"Nitakusemea mimi," alisema.

"Na wakitaka ushahidi?"

"Ushahidi wa nini? Mimi si mtoto wa baba?"

Mkewe Veit aliinuka ghafla akaenda kuongeza kuni, ingawa jiko lilikuwa linanguruma. Gertraud aliona, akadhani shemeji yake anasikia baridi. Akamalizia upande wake wa sufuria, na mabaki akamsogezea kaka yake, kwa sababu Veit alipenda ukoko wa chini.

Uwanja wa mbele ya kanisa ulikuwa umejaa watu na askari wa farasi. Meza ilikuwa imewekwa kwenye theluji, na nyuma yake alikaa karani aliyevaa kofia ya manyoya, pua nyekundu kwa baridi. Padre alisimama pembeni, mikono ndani ya mikono ya joho. Kila mwenye shamba aliitwa mbele na watu wa nyumbani kwake, aseme yupi ni wa haki na yupi ni wa kibarua tu. Aliyetajwa kuwa wa kibarua alisogea upande wa mto, na hapo akahesabiwa kuwa amekwisha kuondoka.

Upande wa mto Gertraud alimwona Bibi Kunigund, mwanamke aliyewafulia watu nguo bondeni maisha yake yote. Mumewe, Lienhard, aliangukiwa na mti na hawezi kusimama, kwa hiyo alikuwa amemwacha kwenye benchi la jiko la Veit, mpaka Veit amlete kwa gari majira ya kuchipua. Kunigund hakuwa peke yake kumwachia Veit mgonjwa. Mathias mpasua kuni alimwachia mama yake mzee, Brigitta mtoto wake mwenye kikohozi kibaya, na kila mmoja Veit alimwambia, "Niachie mimi." Kunigund alipomwona Veit uwanjani alimjia akamshika mkono akaubusu. Veit aliuvuta mkono wake haraka, na Gertraud akampenda kwa unyenyekevu ule.

Waliitwa. Karani aliuliza bila kuinua macho huyu mwanamke ni nani kwake.

"Mtumishi," Veit alisema.

Gertraud alingoja. Alidhani sentensi haijaisha, kwamba linakuja "lakini", au "na pia". Karani alikwisha kuchovya kalamu.

"Mimi ni dada yake," alisema.

Karani sasa alimtazama. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa amechoka. "Mama, nusu ya watumishi wa nchi hii ni dada wa mtu. Sikuulizi umezaliwa na nani. Nauliza kama una haki katika nyumba hiyo."

"Ninayo. Baba aliisema alipokuwa anakufa. Chumba juu ya zizi na nafasi jikoni. Mwulizeni kaka yangu, alikuwepo."

"Haya," karani alimgeukia Veit. "Baba yenu alisema hivyo?"

Veit alikuwa akiangalia chupa ya wino. Masikio yake yalikuwa yamewiva. Padre naye alimtazama Veit, wala hakujishughulisha na Gertraud.

"Baba hakuacha neno," Veit alisema.

Gertraud alimtazama kaka yake. Theluji hakuikumbuka, wala milima, wala kwamba amesimama pale na viatu vya mbao na shali. Alichosikia ni kwamba baba yao amekufa tena, na safari hii mwanawe mwenyewe ndiye aliyemziba mdomo. Alitaka kusema mwulizeni mara ya pili, lakini karani alikwisha kuandika. Askari mmoja alimshika kiwiko, bila ubaya, akamwelekeza upande wa mto.

Veit alimfuata mbio. Alikuwa amevua koti lake, lile zito la sufu ya kijivu aliloshonewa kwa ajili ya arusi yake, akamvika mabegani akaanza kumfunga vifungo hadi shingoni kama anavyofungwa mtoto. 

"Nitakuja," alinong'ona. "Theluji ikiyeyuka nitakuja, nitakueleza yote. Usinihukumu leo."

"Nieleze sasa."

"Siwezi sasa."

"Veit. Nieleze sasa, bado niko hapa."

Alimaliza kifungo cha juu, akampapasa shavu, akaondoka na shati tupu katika baridi ile, na machozi yake watu wote waliyaona. Mwanamke mmoja alisema kwa sauti kwamba mabwana wangekuwa wote kama huyu, anayemvulia mtumishi koti lake mwenyewe, dunia ingekuwa na nafuu. Gertraud alitamani kulivua akalitupa mtoni. Alibaki nalo mwilini. Hasira ilikuwa nyingi, lakini shali lilikuwa jepesi.

Ngoma ikapigwa, wakaanza kutembea. Askari walikuwa mbele na nyuma, na katikati watu na mizigo yao, wakiimba tenzi alizowafundisha Veit jikoni kwake. Waliziimba vizuri. Watu walitoka kwenye mashamba wakasimama njiani kuwatazama, wengine wakilia, wengine wakiwatupia maneno ya kejeli, na mzee mmoja Mkatoliki, jirani wa tangu zamani, aliwapa wanawake mkate bila kusema kitu. Gertraud hakuimba. Alikuwa na kazi kubwa kichwani, kazi ya kumtetea kaka yake.

Alimtetea kwa kila namna. Labda karani alimtisha kabla hawajaitwa. Labda walimwambia akimng'ang'ania dada watamfukuza na yeye na watoto siku hiyohiyo, na wagonjwa wote waliomtegemea wabaki bila mtu. Mtu mwenye wazee wa watu benchini kwake hawezi kufanya analotaka. Si amesema atakuja? Si amelia? Kadiri njia ilivyopanda ndivyo alivyozidi kumsamehe, na alipofika kwenye daraja la juu alikuwa karibu amemsamehe kabisa, na akaanza kufikiri watakavyocheka siku moja huko kwa Walutheri wenzao, Veit akisimulia jinsi alivyomkana dada yake kwa hila ili waokoke wote.

Kunigund alikuwa akitetemeka pembeni yake. Vidole vyake vya kufulia nguo vilikuwa vimepasuka, damu ikavia kwenye nyufa. Gertraud alifungua koti akamwingiza ndani, upande mmoja kwake, upande mmoja kwa mwenzake, wakatembea hivyo wakipishana hatua vibaya na kukanyagana, kila mmoja mkono wake katika mfuko wa upande wake.

"Kaka yako, mwanangu," Kunigund alisema, "Mungu amlipe. Nikiwaza Lienhard amelala penye joto, miguu hii inasogea yenyewe."

Kisha akapunguza hatua. Mkono wake ulikuwa umegusa kitu. Alikitoa kidogo tu, kifichike bado chini ya koti, na wote wawili wakakitazama. Ilikuwa rozari ya mbao nyeusi, mpya kabisa, yenye kishada chekundu.

Hapakuwa na mtu bondeni asiyezijua zile. Padre alikuwa ameletewa sanduku zima. Kila aliyerudi, yaani aliyepiga magoti mbele yake akaukana Ulutheri na kuitikia ile salamu kwa sauti ya kusikika, alipewa moja. Huwezi kuinunua dukani wala kuirithi kwa mama.

"Labda aliiokota," Kunigund alisema.

Gertraud alikigusa kile kishada. Alikuwa amekumbuka farasi. Mwanzoni mwa wiki Veit alishuka mjini akasema anampeleka farasi kupigiliwa vyuma vipya kwatoni, na jioni farasi akarudi na vyuma vilevile vya zamani, vimelika upande. Gertraud aliviona alipokuwa akimpa majani, akasema moyoni kwamba labda mhunzi hakuwepo. Usiku huohuo Veit aliwasomea. Alipiga magoti pale jikoni katikati ya watu akawaombea wanaoondoka wapewe nguvu, na wote wakaitikia amina, naye kitu hiki kiko mfukoni mwake, kwenye koti lililotundikwa nyuma ya mgongo wake.

Basi hakutishwa na mtu. Alikwisha kupatana na padre. Na padre hakuwa mjinga. Hakutaka nyumba iliyorudi nusu. Hakutaka juu ya zizi aishi mwanamke mwenye haki yake, anayepita mbele yake kila siku na mdomo uliofungwa. Gertraud alitolewa kama majani ya zamani yanavyotolewa zizini kabla ya kutandika mengine. Shamba likabaki.

Kilichomkata maini si shamba. Angemwambia tu. Angekaa naye zizini wakati wa kukamua, amwambie, dada, nimechoka, naogopa, siwezi kuiacha ardhi ya baba, nitakwenda kupiga magoti, wewe fanya unavyoona. Gertraud angelia naye. Angepanda mlima huu na koti lake mwenyewe na viatu vya maana, na angemwombea kila jioni mpaka afe. Lakini Veit alimwacha aoshe ndoo. Alimwacha amsogezee ukoko wa sufuria. Yeye aliyembandulia Maria wake nyuma ya mlango, aliyemfundisha kwamba neno moja la uongo linaua roho, alimtembeza hadi mjini mikono mitupu kwa uongo, na njiani kote alimshika mkono penye utelezi asianguke.

"Lienhard," Kunigund alisema. Midomo yake ilikuwa imekuwa myeupe. "Atamtupa nje?"

"Hatamtupa. Padre atamjia pale benchini na ile salamu."

"Lienhard hataitikia. Unamjua."

Gertraud alimjua. Kunigund hakungoja jibu. Alitembea hatua kadhaa akitazama mgongo wa mtu wa mbele, kisha akairudisha rozari mfukoni yeye mwenyewe, akaisukuma mpaka chini.

"Usiseme," alisema.

"Mama yake Mathias yuko pale kwa Veit. Mtoto wa Brigitta yuko pale. Ni haki yao kujua, Bibi."

"Wajue wakishavuka milima. Ukiwaambia hapa watageuka wote, watarudi kupiga magoti, na wakisharudi watapewa nini? Mimi nilikwisha kumwacha mume wangu, mwanangu. Usinifanye nionekane nilimwacha bure."

Walikuwa wamefika mahali njia inapoacha mto na kuanza kupanda kweli, na theluji pale haikuwa imekanyagwa na mtu. Watu walisimama. Tenzi zilikuwa zimekoma zenyewe. Mathias, yule mpasua kuni mwenye mabega mapana ambaye kila mtu alimtegemea kufungua njia, aliutua mzigo wake, akaukalia, akasema yeye basi. Anarudi. Alisema salamu yenyewe ni maneno machache tu, watu wanasema maovu kuliko hayo kila siku sokoni, na yeye hakuzaliwa kuwa shujaa wa mtu.

Mkewe alimwomba ainuke. Askari wa nyuma aliwatazama, akatema mate, akasema atakayetaka kurudi kwa padre arudi, hatamzuia. Wengine wawili watatu wakaanza kulegeza kamba za mizigo yao.

"Kama Ndugu Veit anakuja nyuma yetu na wazee wetu, nitapanda," Mathias alisema. "Huyo akija najua hatukudanganyika. Kama haji, niambieni sasa, nikalale kwangu."

Aligeuka akamtafuta Gertraud kwa macho, na wote wakageuka. Walisogea mpaka wakawafanyia duara, yeye na Kunigund ndani ya koti moja. Uwanjani hakuna aliyefungua mdomo kusema huyu ni dada wa Veit. Huku juu walikumbuka.

"Wewe ndiye wa kutuambia," Mathias alisema. "Anakuja au haji?"

Miaka yote ile Gertraud alikuwa amepita mbele ya majirani zake kama bubu, akapoteza marafiki, na sasa amepoteza kwao, kwa sababu hakukubali kutamka neno ambalo moyo wake umelikataa. Kunigund alikuwa amemshika mkono ndani ya koti, na kucha zake zilimwingia. Gertraud aliwatazama usoni mmoja mmoja.

"Anakuja," alisema. "Mimi si dada yake? Ningejua."

Mathias aliinuka, akajitwika mzigo wake, akatangulia mbele kufungua njia.